OFISI ZIKIHAMA, NANI ANAFAIDI?

(Hotuba iliyosomwa mbele ya wanachama katika mkutano wa tawi)



Leo tumeombwa tuseme juu ya jambo ambalo kwa juu juu laonekana ni la wenye majumba makubwa tu. Nalo ni habari ya ofisi kuhama, na habari ya Serikali kuwasamehe kodi wenye fedha ili wajenge na kufungua ofisi katikati ya miji. Twasema mapema kwamba jambo hili latuhusu sana. Kodi inayosamehewa ni mali ya umma. Na ofisi ikihama haihami peke yake. Yaondoka na wateja wa mama lishe, na abiria wa basi, na riziki ya fundi viatu aliyekaa barazani miaka yote.

Sisi hatuhitaji kufundishwa maana ya kuhama. Mwaka 1973, baada ya matawi kuulizwa, TANU iliamua makao makuu yahamie Dodoma. Safari ilikuwa ndefu. Mwaka 2016 Rais Magufuli alitangaza kwamba sasa Serikali inahama kweli, na wizara zikafunga mizigo. Mwaka 2018 Dodoma ikatangazwa kuwa jiji, na mwaka 2023 Ikulu mpya ya Chamwino ikafunguliwa. Uamuzi huo hatuulalamikii. Ulifanywa kwa sababu ya taifa, ili makao makuu yawe karibu na katikati ya nchi, mtu wa Kigoma asione kwamba Serikali ni ya watu wa pwani.

Lakini huku nyuma limebaki swali. Katikati ya Dar es Salaam, mitaa iliyokuwa ikijaa makarani na wenye shida zao wizarani, ifanywe nini? Wapo wanaosema: wenye fedha wapewe nafuu ya kodi, waje wajenge, na mji utafufuka. Huenda wasemao hivyo wana nia njema. Hata hivyo mtu hanywi dawa kabla ya kuuliza ilimfanyaje mgonjwa wa kwanza. Na mgonjwa wa kwanza twamjua, yuko London.

Huko London, penye pindo la mto Thames, pana mahali paitwapo Isle of Dogs, maana yake Kisiwa cha Mbwa. Gati zake za kwanza zilifunguliwa mwaka 1802 kupokea sukari iliyolimwa na watumwa wa West Indies. Makuli wa hapo walibeba mizigo vizazi kwa vizazi. Kisha zikaja meli za makontena zilizotaka maji ya kina na nafasi kubwa, zikahamia Tilbury, karibu zaidi na bahari. Mwaka 1980 gati za kisiwani zikafungwa. Watu wakabaki na maji matupu na mabohari matupu.

Ndipo Serikali ya Bibi Thatcher ikaleta dawa yake. Mwaka 1982 mahali hapo pakafanywa eneo la nafuu ya kodi kwa miaka 10. Aliyefungua ofisi au karakana humo hakulipa kodi ya majengo. Aliyejenga aliruhusiwa kuiondoa gharama yote ya ujenzi katika mapato yanayotozwa kodi. Na ruhusa za kujenga zikawa nyepesi. Mwaka uliotangulia, madaraka ya mipango ya ujenzi yalikuwa yameondolewa kwa mabaraza ya wenyeji yakapewa shirika lililoteuliwa na Serikali Kuu. Wenyeji walikasirika. Mwaka 1986, wakubwa wa fedha walipokusanyika huko kwa sherehe, wenyeji waliwafungulia kondoo na nyuki. Tunacheka, lakini yafaa tujiulize: mtu anafikia wapi hata amjibu mkubwa kwa nyuki? Anafika hapo akiona kwamba kwake pamegawanywa bila yeye kuulizwa.

Basi dawa ilifanya nini? Tuseme kweli yote, maana chama kinachoficha nusu ya habari hakifai kuaminiwa. Majengo yalipanda. Mwaka 1991 mnara mkubwa wa Canary Wharf, wenye ghorofa 50, ulipokea wapangaji wa kwanza. Kabla ya ugonjwa wa korona wa mwaka 2020, watu zaidi ya 100,000 walikuwa wakifanya kazi mahali palipokuwa gati tupu. Hilo si jambo dogo.

Lakini walitoka wapi wapangaji wale? Wengi walitoka London ile ile. Magazeti yaliondoka Fleet Street, mwendo wa maili chache, yakaenda kisiwani. Mabenki yakatoka katikati ya mji wa zamani yakaenda huko huko. Meza ya karani ikihamishwa kutoka mtaa huu mpaka mtaa ule, kazi mpya haikuzaliwa. Aliyehesabu kazi mlangoni mwa jengo jipya, bila kwenda kutazama jengo lililoachwa, amehesabu ng'ombe mmoja mara mbili. Na kuli aliyepoteza kazi gatini hakuitwa kushika kalamu katika benki.

Jambo la pili ni pango. Tufanye hesabu ya dukani. Mpangaji alikuwa akilipa pango shilingi 100 na kodi ya Serikali shilingi 40, jumla 140. Serikali inasema, arobaini tumekusamehe. Mwenye nyumba anasikia habari hiyo. Anajua mpangaji wake aweza kulipa 140, basi anapandisha pango. Mpangaji analipa kama zamani, Serikali imekosa, na mwenye nyumba amechukua. Wachunguzi waliozipima sheria hizo huko Uingereza waliliona jambo hili wazi: sehemu kubwa ya nafuu iliishia kwa wenye ardhi na wenye majengo.

Jambo la tatu ndilo kubwa kuliko yote. Nafuu ya kodi peke yake haikuweza kuusimamisha mji ule. Mwaka 1992 kampuni ya Kanada iliyojenga Canary Wharf ilishindwa kulipa madeni, na ofisi nyingi zilikuwa tupu. Bei za majengo zilikuwa zimeanguka, na tena watu hawakuwa na njia nzuri ya kufika. Palipata nguvu ya kweli baada ya reli kubwa ya chini ya ardhi kufika mwaka 1999. Sehemu kubwa ya fedha za reli hiyo ilitoka kwa nani? Ilitoka kwa umma. Wenye majengo wakasifiwa kwa ujasiri wao, na mlipa kodi akasahauliwa.

Na ajaye kwa nafuu au kwa mtindo aweza kuondoka vile vile. Mwaka 2023 benki ya HSBC, iliyokuwa na mnara wake hapo tangu mwaka 2002, ilitangaza kwamba itarudi katikati ya mji wa zamani. Ofisi ni kama ndege: mtini ipo, ikiona mti mwingine yaruka.

Ndugu zetu, sisi tuna silaha ambayo watu wa Isle of Dogs hawakuwa nayo. Kwa sheria ya mwaka 1999, ardhi yote ya Tanzania Bara ni mali ya umma, naye Rais ni mdhamini wake. Na tangu sheria ya mwaka 1971, majumba mengi ya kupangisha katikati ya Dar es Salaam yalitwaliwa yakawa ya taifa. Hao waliotutangulia hawakufanya kazi ile ili wajukuu wao waje kugawa faida ya mitaa hiyo kwa hati moja ya msamaha wa kodi. Na misamaha si habari mpya kwetu. Sheria ya mwaka 2002 iliwapa wenye viwanda vya kuuza nje miaka 10 bila kodi ya mapato ya kampuni. Kiwanda kinachouza nje huleta fedha ya kigeni. Je, ofisi iliyotoka Kariakoo kwenda Posta huleta nini?

Kwa hiyo hatusemi msamaha usitolewe kamwe. Twasema kabla haujatolewa, mambo manne yatimizwe.

Kwanza, ardhi ya katikati ya mji isiuzwe moja kwa moja. Ikodishwe, na bei ikipanda, umma upate fungu lake. Pili, nafuu ifuate kazi mpya za wananchi, wala isifuate kuta na vioo, na ofisi iliyohama mtaa isihesabiwe kuwa ni mpya. Tatu, umma ukijenga reli na barabara na mabomba ya maji, wenye majengo wanaotajirika kwa ajili hiyo nao wachangie. Reli ya kisasa ilifika Dodoma mwaka 2024 kwa fedha na madeni yetu sote. Nne, kila msamaha uwe na siku ya kwisha, na Bunge liambiwe kila mwaka ni shilingi ngapi zimesamehewa, na kwa faida ya nani.

Na mama lishe, na fundi viatu, na muuza magazeti waitwe mkutanini kabla ya ramani kuchorwa. Wao wanajua mtaa unaishije kuliko mchoraji yeyote.

Kila tawi liulize maswali haya kwa diwani wake na kwa mbunge wake. Mji uliojengwa kwa jasho la wengi usifufuliwe kwa faida ya wachache.

Uhuru na Kazi!