Je, Mzee Aache Gitaa?

(Mazungumzo yaliyotolewa mbele ya wanafunzi wa zamani na wa sasa, usiku wa mkutano wetu wa mwaka, katika ukumbi wa chakula.)

Ndugu Mwenyekiti, Ndugu Mkuu wa Shule, walimu, wazee wenzangu, na ninyi vijana mliokaa karibu na mlango ili muwahi kutoka: wakubwa zangu shikamooni, na wadogo zangu marahaba.

Katibu aliniomba niseme juu ya faida za elimu. Nikamwambia kwamba habari hiyo mmeisikia tangu asubuhi, na chakula kinapoa. Mimi nitasema juu ya ubishi. Ulianza bwenini mwaka 1977, na mwenzangu niliyeanza naye yupo hapa, meza ya pili. Mwoneni, ameanza kutikisa kichwa kabla sijamaliza salamu.

Wa miaka yetu wanaikumbuka ile kaseti. Mwenzetu mmoja, ambaye mjomba wake alikuwa baharia, alirudi likizo na kaseti ya bendi ya Uingereza iitwayo Queen, ile ya mwaka 1975 yenye jina A Night at the Opera. Tuliipiga mpaka utepe ukanasa ndani ya redio, tukauzungusha kwa penseli, tukaipiga tena. Wengi walishikwa na sauti ya mwimbaji, Freddie Mercury, hasa walipopata habari kwamba ni mtoto wa Unguja, aliyezaliwa tarehe 5 Septemba 1946 kwa jina la Farrokh Bulsara. Wanafunzi mlioko bweni, sikieni hili: naye alisoma shule ya bweni, kule India, na huko ndiko alikoanza kupiga piano katika bendi ya shule.

Lakini mimi na bwana huyu wa meza ya pili tulishikwa na gitaa. Mpigaji wake ni Brian May, aliyezaliwa tarehe 19 Julai 1947. Gitaa lenyewe alilitengeneza yeye na baba yake nyumbani, kuanzia mwaka 1963, akiwa kijana wa miaka 16. Shingo yake ilichongwa kwa ubao wa meko ya kizamani, springi zake ni za pikipiki, na alama za kuongoza vidole ni vifungo vya chaza kutoka vifaa vya kushonea vya mama yake. Badala ya kipande cha plastiki, hupigia waya kwa sarafu ya sixpence, yaani sumuni ya kwao. Tuliposikia hayo tuliingia karakana ya shule, tukachonga letu kwa ubao wa mvule na waya za breki za baiskeli. Lililia kama mbuzi, lakini tulicheka na tukajifunza kuchonga.

Sasa ubishi wenyewe. Freddie Mercury alifariki tarehe 24 Novemba 1991. Tangu hapo wapenzi wa muziki huo, si sisi wawili tu, wamegawanyika mafungu juu ya mzee huyu. Maswali yao ni matatu, nami nitayachukua moja moja.

Swali la kwanza: je, jukwaani bado anapiga kama zamani? Zamani alikuwa na mtindo wa kusimama peke yake na mashine za mwangwi. Hupiga sauti chache, mashine inazirudisha baada ya kitambo kidogo, naye anapiga nyingine juu yake, kisha nyingine tena, mpaka mtu mmoja anakuwa wapiga gitaa watatu. Hapo mimi nilikuwa nasema: zamani vidole vilikuwa vinakimbia, siku hizi vinatembea. Katika ziara iliyoanza mwaka 2019 alikuwa akiinuliwa jukwaani juu ya kitu mfano wa jiwe la angani, amezungukwa na sayari, akipiga taratibu. Nikasema, mashine inambeba kwa kuwa mikono imeshindwa. Mwenzangu akanijibu: “Ndugu yangu, wewe unahesabu sauti. Mimi nasikiliza ile moja anayoivuta mpaka inalia.” Nilimwona mkaidi. Lakini jambo moja lilinisumbua: nilipozisikiliza kaseti za zamani kwa makini, yale niliyokuwa nikiyakumbuka miaka yote hayakuwa yale ya kasi. Yalikuwa yale aliyoyaimba kwa waya, ambayo hata asiyejua gitaa huweza kuyavumisha kwa mdomo.

Swali la pili: kazi alizozitoa mwenyewe, bila bendi, zina uzito? Hapa ndipo tulipokaribia kugombana kweli. Albamu yake Back to the Light ilitoka mwaka 1992. Kabla ya hapo alikuwa amempoteza baba yake, yule aliyechonga naye gitaa, na mwaka 1991 akampoteza Freddie. Mimi nilisema, ni albamu nzuri ya mtu asiye na mwimbaji. Mwenzangu akanipa mfano mmoja. Upo wimbo uitwao Too Much Love Will Kill You. Brian May aliuimba mwenyewe katika onyesho la kumkumbuka Freddie, uwanja wa Wembley, tarehe 20 Aprili 1992, mbele ya umati, na akautia katika albamu yake. Kisha mwaka 1995 bendi ikatoa wimbo huohuo kwa sauti ya Freddie, iliyorekodiwa alipokuwa hai. Kwa hiyo msikilizaji anaweza kuzipima sauti mbili juu ya mzani mmoja.

Nilizipima. Kwa nguvu ya koo, Freddie anashinda, wala hakuna kesi. Lakini sauti ya Brian May ni nyembamba, kama ya mtu anayesema peke yake usiku wakati watu wa nyumbani wamelala, na maneno yale yanamwelea. Hapo nilikubali nusu. Nusu nyingine bado ninayo, na leo sitaitoa.

Swali la tatu ndilo zito: je, ni haki kuendelea kusimama chini ya jina la bendi wakati mwimbaji yuko kaburini? Mpiga besi wao, John Deacon, alijitenga na muziki mwaka 1997. Waliobaki wawili, Brian May na mpiga ngoma Roger Taylor, wamezunguka dunia na Paul Rodgers, na tangu mwaka 2012 na Adam Lambert. Mimi nilishika msimamo mmoja kwa miaka mingi: mwenzako akifa, funga ngoma. Kumheshimu maiti ni kunyamaza.

Na hapa, wazee wenzangu, mnajua sikuwa nasema habari za Uingereza tu.

Bendi yetu ya wanafunzi wa zamani ilikuwa ikipiga katika ukumbi huuhuu kila mkutano, mpaka mwimbaji wetu alipofariki mwaka 1996. Niliyesema tufunge ni mimi. Nilifunga magitaa mawili, amplifaya na drams katika stoo nyuma ya karakana, na ufunguo nikaenda nao nyumbani. Miaka miwili iliyopita wanafunzi waliniandikia barua ya adabu sana wakiomba vyombo hivyo. Sikuwajibu. Niliiweka barua yao ndani ya droo, nikajiambia kwamba vijana hawataelewa.

Mwaka 2024 ilitangazwa kwamba Brian May amepatwa na kiharusi kidogo, na kwamba kwa muda mkono wake wa kushoto ulikataa kutii. Kwa mpiga gitaa, huo ndio mkono unaotafuta sauti kwenye waya. Mwenzangu wa meza ya pili, ambaye vidole vyake vimekakamaa kwa baridi yabisi, alinipigia simu usiku. Hakunisalimu vizuri. Akasema: “Tunabishana juu ya mkono wa mtu, na sisi mikono yetu tumeifungia stoo.” Akakata.

Aprili 2025 mzee huyo alionekana tena jukwaani, California, katika tamasha la Coachella, akimsindikiza kijana Benson Boone katika wimbo wao mkubwa wa mwaka 1975. Gitaa ni lilelile la meko na vifungo. Aliyesimama mbele alikuwa kijana mwenye umri wa kuweza kuwa mjukuu wake.

Pia nikakumbuka jambo nililokuwa nikilipuuza. Katika maonyesho yao ya miaka ya karibuni, Brian May hukaa peke yake na gitaa la kawaida, watu wakaimba, na mwishoni picha ya Freddie hutokea nyuma yake. Mzee hajidai kwamba rafiki yake hakufa. Anamtaja kila usiku, mbele za watu. Mimi nilimtunzia rafiki yetu kimya, na leo nikiwauliza vijana hawa jina lake, hakuna ajuaye hata mmoja. Basi ni nani kati yetu aliyemheshimu mwenziwe?

Kwa hiyo, Ndugu Mkuu wa Shule, ufunguo huu hapa. Una kutu kidogo, nami naomba radhi kwa kutu hiyo na kwa barua niliyoiacha bila jibu. Amplifaya itahitaji fundi, na waya zote zibadilishwe. Wanafunzi, ombi langu ni moja tu: kabla ya kupiga wimbo wa kwanza, mtajeni yule aliyeimba mahali hapa kabla yenu. Wazee watawapa jina na habari zake zote, tena kwa furaha.

Wanafunzi pia msisahau kitabu. Brian May aliacha utafiti wake wa elimu ya nyota kwa ajili ya muziki, akarudi kuumaliza na kupata udaktari mwaka 2007, akiwa na miaka 60. Katibu, hiyo ndiyo sehemu yako ya faida za elimu.

Ama ubishi wetu, haujaisha. Bado nasema vidole vya zamani vilikuwa na kasi zaidi, na bwana huyu bado anatikisa kichwa. Lakini gitaa moja tumelitoa stoo leo mchana, na yeye amekubali kupiga kidogo baada ya chakula, kwa vidole vyake vilevile vilivyokakamaa. Atakosea mahali. Msihesabu.