Bunduki ya Kwanza ya Kuwindia Wanyama Wakubwa



Katika Kenya uwindaji ulipigwa marufuku mwaka 1977. Lakini katika Tanzania ungali unaruhusiwa kwa leseni. Basi yampasa kijana atakaye kazi hiyo kuichagua vema bunduki yake ya kwanza.

Wengi hudhani kwamba iliyo kubwa kupita zote ndiyo bora. Sivyo. Bunduki yenye teke kali humfanya mwenyewe afumbe macho kabla ya kufyatua, na risasi ikaenda kombo. Bwana W. D. M. Bell, aliyewinda Karamoja katika Uganda mwanzoni mwa karne ya 20, aliua tembo zaidi ya 1,000, wengi wao kwa bunduki ndogo ya milimeta 7, kwa kuwa alijua barabara mahali pa kulenga. Lakini Bell alikuwa fundi; mwanafunzi asimwige.

Njia ya katikati ni risasi ya .375, iliyotolewa na Holland & Holland wa London mwaka 1912. Kichwa chake huwa na uzito wa gramu 19 hivi, na teke lake huvumilika. Kwa simba, chagua risasi yenye ncha laini, itanukayo mwilini. Kwa tembo, ngumu, ipenyayo mfupa.

Kisha jizoeze shabaha, tena na tena. Nyati aliyejeruhiwa hujificha kichakani, na atakayelipa kosa lako huenda akawa mama aendaye kuteka maji. Usipokuwa na hakika, usifyatue.