Kuyasoma Malalamiko kwa Pamoja: Mwanamke Kutoka Ujasusi hadi Usimamizi wa Polisi

Jimbo la Lualaba halikosi watu wa kulalamika juu ya polisi. Linakosa watu wa kuyasoma malalamiko hayo kwa pamoja. Teritwari yetu ya Lubudi ina Tenke na Fungurume, ina shaba na kobalti, ina reli na barabara ya malori. Kwa hiyo ina Polisi ya Migodi, ina askari, ina walinzi wa kampuni na ina barieri. Penye mali nyingi na sare nyingi namna hii, mwananchi akidhulumiwa huona kosa la mtu mmoja siku moja. Aliyekaa ofisini naye hupokea karatasi moja, huipiga muhuri, huiweka juu ya nyingine. Hoja yangu ni kwamba kazi ya kuziunganisha karatasi hizo kuna watu waliokwisha kuisomea, nao ni wachambuzi wa taarifa za ujasusi. Mwanamke mwenye ujuzi huo akiamua kuacha dawati la siri na kwenda kuwasimamia polisi kwa niaba ya raia, tusimwone kama msaliti wala kama jasusi aliyebadili nguo. Tumfungulie mlango, kwa masharti nitakayoyataja.

Mchambuzi hafuati watu usiku. Kazi yake kubwa ni kusoma. Katika majeshi na idara nyingi za usalama hufundishwa kupima kila habari mara mbili: chanzo hupewa herufi kulingana na uaminifu wake, na habari yenyewe hupewa namba kulingana na jinsi inavyothibitishwa na habari nyingine. Mtu mwaminifu aweza kuleta habari dhaifu, na mtu mwongo aweza siku moja kuleta habari ya kweli. Sasa tuseme malalamiko matatu yamefika Kolwezi, makao makuu ya jimbo. Mama muuza unga anasema alilipishwa jioni kwenye barieri ya njia ya Fungurume, bila risiti. Mchimbaji mdogo anasema mfuko wake wa madini ulichukuliwa usiku, akaambiwa akaukomboe asubuhi kwa mtu wa depo. Mwalimu anasema kijana wake alilala kasho siku mbili na jina lake halikuandikwa popote. Karani wa kawaida ataona ugomvi wa pesa, wizi na kosa la utaratibu. Mchambuzi atauliza tarehe, saa, namba ya gari, na zaidi ya yote zamu. Akikuta kwamba matukio yote matatu yalitokea chini ya zamu ileile na kamanda yuleyule, swali limekwisha kubadilika: kuna mpango, na mpango una mwenyewe. Mama yule hakuweza kuliona jambo hilo peke yake, wala mwalimu.

Ushahidi wa hoja hii uko karibu, Kenya. Tume ya Jaji Philip Waki, iliyochunguza ghasia zilizofuata uchaguzi wa Desemba 2007, ilihesabu vifo 1,133, na zaidi ya theluthi moja ya waliokufa walikuwa wamepigwa risasi. Tume hiyohiyo iliona kwamba idara ya ujasusi ilikuwa imeonya mapema juu ya hatari, lakini vyombo vya usalama havikujiandaa inavyotakiwa. Maonyo yalikuwepo. Aliyekosekana ni mtu nje ya polisi mwenye haki ya kuuliza: mliyasoma lini, na mkafanya nini? Kutokana na tume hiyo na mageuzi yaliyofuata, sheria ya mwaka 2011 iliunda Mamlaka Huru ya Kusimamia Utendakazi wa Polisi, IPOA, na kuanzia 2018 hadi 2024 mwenyekiti wake alikuwa mwanamke, Anne Makori. Agosti 2017 mtoto mchanga Samantha Pendo alipigwa nyumbani kwao Kisumu na polisi waliokuwa katika msako, akafa. Faili hilo lingeweza kubaki la rungu moja na askari asiyejulikana. Uchunguzi ulipopanuka na kutazama msako mzima, amri zake na mfululizo wa madhara yake, ukafika kwa makamanda: Oktoba 2022 mwendesha mashtaka mkuu alitangaza kuwashtaki maofisa wa polisi kwa uhalifu dhidi ya ubinadamu, mauaji, ubakaji na mateso yakiwemo. Kesi imekwenda kwa kusuasua, na familia bado zinaumia. Lakini hatua ile ya kutoka kwa askari hadi kwa kamanda ndiyo kazi ya uchambuzi.

Ireland ya Kaskazini inatufundisha upande mwingine. Nuala O'Loan, mwanasheria, alikuwa msimamizi huru wa polisi wa kwanza huko, tangu 2000 hadi 2007. Ripoti yake ya Januari 2007 ilionyesha kwamba kitengo cha ujasusi cha polisi kiliwakinga wapashaji habari wake waliohusishwa na mauaji yasiyopungua 10. Mambo hayo yalipatikana kwa sababu ofisi yake iliweza kudai nyaraka za siri, kuzielewa, na kutambua zile zilizokosekana. Asiyejua jinsi taarifa ya ujasusi inavyoandikwa hawezi kujua kwamba ukurasa umetolewa.

Najua mtakaloniambia. Hapa Kongo ujasusi si dawati la kusoma tu. ANR, idara ya taifa ya ujasusi iliyopewa sheria yake Januari 2003, ina mawakala wenye uwezo wa kukamata, na watu wamekaa katika kasho zake bila kufikishwa mbele ya hakimu. Mama aliyempoteza mwanawe humo atamwambia nini mtu aliyetoka humo? Pingamizi hili ni zito, na silijibu kwa kusema kwamba wote si sawa. Linajibiwa kwa masharti. Yeyote aliyewahi kukamata, kuhoji au kuamuru mtu azuiliwe asiingie kabisa katika usimamizi wa polisi. Mchambuzi anayeingia aorodheshe kwa kiapo mafaili yote aliyoyagusa, akae mbali nayo, na asiruhusiwe kurudi alikotoka. Tena asipewe peke yake funguo za majina ya walalamikaji. Josephat Mwendwa wa Kenya alilalamika IPOA baada ya kupigwa risasi na polisi. Juni 2016 yeye, wakili wake Willie Kimani na dereva wa teksi Joseph Muiruri walitekwa baada ya kutoka mahakamani, wakauawa. Februari 2023 maofisa watatu wa polisi na mpashaji habari wao walihukumiwa. Kulinda chanzo ni jambo ambalo mchambuzi mzuri amelifanya maisha yake yote ya kazi. Tofauti ni kwamba sasa chanzo ni raia, na anayefichwa jina lake ni mnyonge.

Wengine watasema tunayo auditora ya kijeshi, yaani waendesha mashtaka wa jeshi, maana katiba yetu, ibara ya 156, inawapeleka polisi mbele ya mahakama za kijeshi. Hiyo haitoshi. Watu wa Katanga wanakumbuka Kilwa ya kwao, Oktoba 2004, ambako zaidi ya watu 70 waliuawa baada ya jeshi kuurudisha mji mikononi mwake. Juni 2007 mahakama ya kijeshi ya Lubumbashi iliwaachia washtakiwa katika mashtaka ya mauaji hayo. Ilibidi Tume ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu ije kuamua miaka mingi baadaye kwamba serikali ilikiuka haki za waathirika. Na tukumbuke Likofi: ofisi ya haki za binadamu ya Umoja wa Mataifa ilikusanya na kulinganisha ushahidi wa msako huo wa polisi Kinshasa, kuanzia Novemba 2013, ikathibitisha watu 9 waliouawa na 32 waliopotezwa. Ripoti ilipotoka Oktoba 2014, mkuu wa ofisi hiyo, Scott Campbell, alifukuzwa nchini. Uchambuzi ulikuwa mzuri, ila haukuwa na sheria ya kuulinda. Inspection Générale, yaani ofisi ya ukaguzi mkuu ya polisi yetu, nayo iko chini ya waziri wa mambo ya ndani, waziri yuleyule mwenye polisi.

Kwa nini nasema mwanamke? Kwa sababu wanaopita barieri kila siku na beseni kichwani, wengi ni mama zetu, na yanayowapata huko si kudaiwa pesa tu. Mengine mama hawezi kumwambia mwanaume mwenye sare, wala hata mwanaume asiye na sare. Ofisi ya malalamiko isiyosikia hayo inafanya hesabu yenye nusu ya tarakimu, na mchambuzi yeyote atawaambia kwamba kimya cha kundi zima ni habari ya kupimwa. Sisemi kwamba mwanamke kwa kuzaliwa ni mwadilifu kuliko mwanaume. Nimewataja wanawake wa Kenya na Ireland ya Kaskazini kwa sababu ya kazi iliyofanyika. Nasema tu kwamba katika jimbo hili kazi hiyo haitakamilika bila yeye, na ibara ya 14 ya katiba inamdai serikalini.

Liko pia pingamizi la umaskini: ofisi hazina karatasi wala mafuta ya pikipiki, uchambuzi wa nini? Lakini kazi ninayoieleza huanza na daftari moja lenye safu za mahali, saa, zamu, namba na kamanda, lililojazwa kwa namna moja Lubudi, Fungurume na Kolwezi. Sheria ya Machi 2013 iliyounda CNDH, tume ya taifa ya haki za binadamu, imekwisha kuipa uwezo wa kuchunguza na kutembelea mahali watu wanapozuiliwa. Hatuna sababu ya kungoja sheria mpya ya polisi. Ofisi ya CNDH ya jimbo itangaze nafasi moja ya mchambuzi wa malalamiko, iweke masharti niliyoyataja, na kila miezi mitatu isome hadharani ilichokiona, hapa Lubudi pia, majina ya walalamikaji yakiwa yamefichwa na majina ya vituo yakiwa wazi.