Tukague Kwanza, Ndipo Tulipe
(Mada iliyotolewa na ofisi yetu katika semina ya kamati za parokia)



Leo tunazungumzia nyumba zinazonunuliwa kwa michango yenu.

Tuanze na kosa letu wenyewe. Tuliwahi kununua nyumba ya wauguzi wa zahanati. Hati tuliihakiki, mthamini alitoa taarifa yake, na rangi ilikuwa mpya. Masika ya kwanza nyufa zilijitokeza chini ya rangi ile na karo likafurika. Muuzaji hakutuambia, nasi hatukuuliza. Fedha za matengenezo zilitoka kwenye fungu la madawati, na watoto wakaendelea kukaa sakafuni.

Tulichokosa ni ukaguzi. Wengi huuchanganya na uthamini. Mthamini hukadiria thamani ya nyumba sokoni. Mkaguzi hueleza hali ya jengo lenyewe. Hapa Tanzania, kazi hiyo apewe mhandisi wa majengo aliyesajiliwa na Bodi ya Usajili wa Wahandisi, na umeme uangaliwe na fundi mwenye leseni. Mkaguzi alipwe na mnunuzi. Asiletwe na dalali, maana dalali hupata chake nyumba ikiuzwa.

Mambo ya kuangaliwa ni haya:

Kwanza, kuta na msingi. Ufa mwembamba wa plasta si wa kutisha. Lakini ufa wa mshazari unaoanzia kona ya mlango au dirisha na kupenya hadi kwenye tofali unaweza kuonyesha kwamba msingi unatitia.

Pili, paa. Mkaguzi apande darini atazame mchwa kwenye kenchi na alama za kuvuja. Baadhi ya nyumba za zamani zimeezekwa kwa asbestosi. Vumbi lake huleta saratani, hivyo isitobolewe wala kuvunjwa bila ushauri wa wataalamu.

Tatu, maji. Karo lifunguliwe, mabomba yajaribiwe. Waulizeni majirani pia. Wao ndio wanaojua maji ya masika hufika wapi.

Nne, umeme. Waya zilizochakaa zitazamwe, na waya wa ardhi upimwe kama unafanya kazi.

Taarifa iwe ya maandishi na picha, na ifike kabla ya kulipa hata malipo ya awali. Mkiwa nayo mnaweza kuomba bei ipunguzwe, kumtaka muuzaji arekebishe, au kuacha. Hata hivyo, mkaguzi haoni yaliyo ndani ya ukuta bila kubomoa, wala hahakiki hati. Kazi ya hati ibaki kwa mwanasheria na ofisi ya ardhi.

Kwa parokia zinazouza nyumba, kagueni kabla ya kutangaza. Rekebisheni mnayoyaweza, na yaliyobaki mwelezeni mnunuzi wazi. Kupaka rangi juu ya ufa ili usionekane ni kumdanganya jirani.

Wafadhili wetu, tunawaomba mkubali gharama ya ukaguzi iingie kwenye bajeti ya kila ununuzi. Nanyi wanakamati, kuanzia sasa hatutatoa fedha za kununua nyumba pasipo taarifa ya mkaguzi. Tunajua itachelewesha baadhi ya miradi. Lakini fedha hizi ni sadaka za watu, na wengine wametoa katika uhaba wao.