Maji ya Mkutano na Fedha za Chama
(Hotuba ya Mkaguzi wa Vyama vya Ushirika kwa makatibu na wanachama wa vyama vya msingi, Mwanza)



Kila msimu, katika ukaguzi, hukutana na hati za malipo ya katoni za maji ya chupa. Naomba tulitazame jambo hili kiushirika: lina faida gani, na nani hulipa?

Katoni ya chupa 12 za lita moja na nusu ina lita 18; haijazi hata ndoo ya lita 20. Anayeilipia ni mkulima wa pamba wa Magu na Misungwi.

Maji ya bomba ya mjini Mwanza huvutwa ziwani, husafishwa na kutiwa klorini katika mitambo ya Capri Point na Butimba. Yakichafuka baadaye, aghalabu ni kwa sababu ya bomba lililopasuka, au ndoo isiyo na kifuniko na kikombe kinachotumbukizwa kwa mkono.

Sisemi maji ya chupa ni mabaya. Safarini, au bomba linapokauka wakati wa kipindupindu, chupa iliyofungwa vema ni msaada. Lakini chupa ya mkutanoni haimkingi mtoto na kichocho, ambacho hupenya ngozi ya mtu anapoteka maji, kuoga au kufua ziwani.

Jambo zito ni hili. Nimeona meza kuu imepangwa chupa, na wanachama chini ya mwembe wakinywa maji ya ndoo. Ikiwa maji ya ndoo ni salama, viongozi nao wayanywe. Ikiwa si salama, kwa nini wanachama wanyweshwe?

Kwa hiyo napendekeza:

Kwanza, chama kinunue ndoo zenye vifuniko na koki.

Pili, maji yachujwe kwa kitambaa safi, yachemshwe mpaka yatokote kwa dakika moja au zaidi, kisha yapoe yakiwa yamefunikwa. Gharama ya kuni iingizwe katika makisio.

Tatu, mkutano mkuu uamue, na uamuzi uandikwe katika kumbukumbu, kwamba fedha itakayookolewa isaidie kuweka au kutengeneza bomba karibu na ghala, ili anayeleta pamba asilazimike kushuka ziwani.

Mwaka 1973, kampeni ya "Mtu ni Afya" iliwakusanya watu wapatao milioni mbili katika vikundi vya kusikiliza redio, wakajifunza pamoja na kutenda pamoja. Hiyo ndiyo njia ya ushirika. Maji ya kiongozi na ya mwanachama yatoke chombo kimoja.