Mionzi ya Safari za Mwezini, na Dosimita Isiyofika Bukavu

Mada kwa semina ya walimu wa sayansi, Bukavu

Fasili tunazijua, tuzipite upesi. Mionzi ya anga hujeruhi seli. Duniani tunakingwa na hewa na uga wa sumaku. Mwezini hakuna hewa, wala uga wa kutegemewa. Kati ya 1968 na 1972, Wamarekani 24 walivuka mikanda ya mionzi ya Van Allen inayoizunguka Dunia, iliyogunduliwa 1958, wakielekea Mwezini kwa vyombo vya Apollo. Baadhi yao waliona vimulimuli machoni wakiwa wamefumba macho: ni chembe za anga zilizokuwa zikipenya kichwani.

Apollo 16 ilirudi Aprili 1972, Apollo 17 ikaondoka Desemba. Katikati, tarehe 4 Agosti, Jua lilifoka kwa dhoruba iliyofanya mabomu ya baharini ya Marekani yalipuke yenyewe kwenye pwani ya Vietnam Kaskazini. Mtu ambaye angekuwa juu ya Mwezi siku ile, na vazi tu mwilini, angeweza kuugua vibaya. Wanaanga waliokolewa na ratiba.

Lakini walipimwa. Kila mwanaanga alibeba dosimita, yaani kipima-mionzi, ya ukubwa wa pakiti ya sigara, na vipimo vingine vidogo kifuani, pajani na kwenye kifundo cha mguu. Ndiyo maana leo tunajua kwamba Apollo 14 ndiyo iliyopokea dozi kubwa zaidi, wastani wa miligrei 11.4 kwenye ngozi. Chombo cha China, Chang'e 4, nacho kilipima Mwezini milisiverti 1.37 kwa siku. Kikomo cha raia wa kawaida ni milisiverti 1 kwa mwaka mzima.

Hapa mwandishi wa mada anaomba radhi kwa kurudia wimbo wake wa miaka mingi. Madini ya koltani yanayotoka Numbi, Kalehe, huja na urani na thori ndani yake. Kwenye depo la madini kijana hupokea mfuko wa koltani begani, huumwaga, huchekecha, kisha hufagia vumbi jeusi na kulimeza bila kujua. Kifuani mwake hamna dosimita. Haisemwi kwamba kila mfuko unadhuru. Pengine dozi ni ndogo. Nani amempima? Barua zimeandikwa, majibu ni yale yale: tutaangalia. Na Kongo hii ndiko kilikowashwa kinu cha kwanza cha nyuklia barani Afrika, Kinshasa, mwaka 1959.

Kwa hiyo inapendekezwa, kwa heshima zote kwa mamlaka husika, wabebaji na wapakiaji wapewe dosimita. Vumbi lilowanishwe kabla ya kufagiwa, na barakoa zitolewe. Madrumu ya koltani yapimwe kabla ya kusafirishwa, na mabohari yapimwe pia, kwani mtu hulala humo. Matokeo yaandikwe kwa Kiswahili na kubandikwa mlangoni. Walimu wafundishe somo la mionzi kwa mfano wa koltani, kisha wa Mwezi. Na, kama ilivyokwisha kusemwa, dosimita zitolewe. Walimu mlio hapa, anzeni kwa kuomba moja, kwa maandishi, na nakala ya barua mbaki nayo.