Mzee bado anapiga, je, nani atadaka?

Wiki hii naomba tuzungumzie besiboli, mchezo wa Wamarekani wa kupiga mpira kwa gongo. Najua wengi wetu ni watu wa kandanda. Hata hivyo mchezo huo si mgeni kabisa katika Afrika Mashariki. Mwaka 2012 watoto wa Lugazi, Uganda, walikwenda Williamsport, Pennsylvania, wakawa timu ya kwanza ya Afrika kucheza katika mashindano ya dunia ya besiboli ya watoto.

Nimeuchagua kwa sababu una swali ambalo makocha wa Marekani hukutana nalo kila mwaka. Mchezaji amezeeka, miguu imechoka, lakini gongo lake bado linasikika. Je, umpange wapi?

Kwanza tuelewane. Mchezaji wa besiboli ana kazi mbili. Timu yake ikiwa na zamu ya kupiga, naye hupiga. Zamu ikigeuka, huingia uwanjani kulinda. Walinzi watatu husimama mbali kabisa, mmoja kushoto, mmoja katikati na mmoja kulia, na kazi yao kubwa ni kukimbilia mpira wa juu na kuudaka kabla haujagusa ardhi. Ukidakwa, mpigaji ametolewa. Usipodakwa, mpigaji anakimbia vituo na hatari inaanza. Mlinzi wa katikati ndiye mwenye shamba kubwa kuliko wenzake. Katika uwanja wa zamani wa Yankees, mjini New York, ukuta wa katikati ulikuwa futi 408 kutoka kwa mpigaji, yaani mita zipatazo 124.

Shamba hilo lililimwa kwa miaka mingi na Bernie Williams, mzaliwa wa San Juan, Puerto Rico. Aliingia Yankees mwaka 1991 na hakuchezea klabu nyingine yoyote ya ligi kuu. Alipata tuzo ya Glavu ya Dhahabu, inayotolewa kwa walinzi bora, mara 4 mfululizo, tangu 1997 hadi 2000. Mwaka 1998 aliongoza ligi yake kwa wastani wa kupiga wa .339, maana yake katika kila mara 1,000 alifanikiwa mara 339. Alitwaa ubingwa mara 4: 1996, 1998, 1999 na 2000. Kwa mtu kama huyo, nani angethubutu kusema ondoka katikati?

Lakini ujana ni moshi, ukienda haurudi. Mwaka 2005, akielekea miaka 37, wastani wake ulishuka hadi .249, na mipira aliyoipiga ikavuka ukuta, yaani homurani, ilikuwa 12 tu. Miguu ilikuwa imepungua kasi na mkono wake wa kurusha, ambao hata ujanani haukusifiwa sana, ulizidi kuwa dhaifu. Wapinzani walijua, wakawa wanajiongezea kituo kimoja pale ambapo zamani wangesimama.

Sasa tazameni ugumu wa jambo lenyewe. Homurani huonwa na watu wote. Uwanja mzima husimama, na kesho yake magazeti huandika. Mpira ambao mlinzi kijana angeufikia, lakini mzee akauokota baada ya kudunda mara moja, nani huuandika? Hata kitabu cha kumbukumbu hakimhesabii kosa. Kosa huandikwa pale mlinzi anapoharibu mpira ambao kwa juhudi ya kawaida angeudaka. Ule ambao hakuufikia kabisa huandikwa kuwa ni pigo zuri la mpinzani. Hivyo mzee anaweza kumaliza msimu akiwa na makosa machache, na wapenzi wake wakaapa kwamba analinda vizuri.

Anayelipa deni hilo ni mrushaji. Yeye ndiye huandikiwa pointi zinazoingia. Akiwa kijana anayetafuta mkataba, miguu ya mtu mwingine inaweza kumrudisha ligi za chini.

Wamarekani wameupima mzigo huu kwa kutumia sarafu moja, nayo ni pointi. Kwa wastani, mpira wa nje usiodakwa, uliopasa kudakwa, huigharimu timu karibu pointi 0.8. Homurani moja, badala ya kutolewa, huiongezea timu karibu pointi 1.7. Kwa hiyo mipira miwili isiyofikiwa inameza takriban homurani moja. Tuseme mzee anakosa mpira mmoja kwa wiki kuliko kijana wa kawaida. Msimu wa michezo 162 huchukua wiki zipatazo 26. Mipira 26 ni homurani 13 zilizomezwa, au pointi 21 hivi, na kwa kawaida pointi 10 ni sawa na ushindi mmoja. Chovya chovya humaliza buyu la asali.

Yankees walifanya uamuzi. Desemba 2005 walimsajili Johnny Damon kwa miaka 4 na dola milioni 52, wakampa kazi ya katikati. Bernie walimpa mwaka mmoja kwa dola milioni 1.5, awe wa akiba. Mwaka 2006 wenzake wawili waliumia mikono, akajikuta anacheza michezo 131, mingi akiwa pembeni, na wastani wake ukapanda hadi .281. Damon naye, ilipofika 2007, alihamishiwa kushoto, na kijana Melky Cabrera akasimama katikati. Hesabu ile ile ilimfikia.

Msikilizaji atanijibu kwamba mzee ana maarifa. Ni kweli. Tarehe 30 Septemba 2008, Chicago White Sox walicheza na Minnesota mchezo mmoja wa kuamua bingwa wa kundi lao. Katikati alisimama Ken Griffey, mwenye Glavu za Dhahabu 10 za ujanani, akiwa na miaka 38. Klabu yake ya awali, Cincinnati, ilikwisha kumhamishia kulia mwaka 2007. Siku hiyo alidaka mpira mfupi, akaurusha hadi nyumbani, na Michael Cuddyer akatolewa akiwa anakaribia kupata pointi. Chicago walishinda 1-0.

Urushaji ule ni wa kukumbukwa, nami sitaupunguza thamani. Lakini kocha hapangi timu kwa ajili ya jioni moja. Analipwa ili ahesabu michezo 162, pamoja na mipira iliyoanguka bila mtu kupiga makofi wala kuzomea.

Kwa maoni yangu, heshima ya mzee isilipwe kwa kumwachia shamba asiloweza kulilima. Ahamishiwe pembeni, ambako mbio ni fupi. Au apewe nafasi ya mpigaji asiyelinda, iliyoanzishwa katika ligi moja mwaka 1973 na kukubaliwa kwa kudumu katika ligi zote mbili mwaka 2022. Na kama gongo nalo halitoshi, aambiwe mapema, uso kwa uso, kabla watazamaji hawajaanza kumzomea.

Mwaka 2007 Bernie aliitwa mazoezini bila ahadi ya namba. Alikataa, akarudi kwenye gitaa lake, ambalo alilipiga tangu utotoni. Tarehe 24 Mei 2015 Yankees waliistaafisha jezi yake namba 51. Heshima ile ilikuwa stahili yake siku zote, na haikuhitaji mrushaji yeyote ailipie.